Fundi Anayeuliza Kabla ya Kushika Spana

Gari la petroli likianza kukosa nguvu mlimani, gereji nyingi huanza kwa kutaja spea. Pampu imekufa, nozeli zimeziba, plagi zimechoka. Mwenye gari anatumwa dukani, anarudi na boksi, spea inafungwa, na tatizo lisipoisha anatumwa tena. Ninayemsifu hapa ni fundi wa aina nyingine. Gereji yake iko Msamvu, Morogoro, na kinachonikalisha kwenye benchi lake hata nisipokuwa na gari bovu ni namna anavyojizuia kushika spana mapema.

Kazi yake niliyoifuatilia mwanzo hadi mwisho ilikuwa Toyota IST ya mwalimu mstaafu, gari lililokuja kutoka Japani likiwa limeshatumika miaka kadhaa huko. Mama yule hulitumia kwenda Iringa kwa wanawe, na kila akifika mlima Kitonga gari linachoka. Mafundi wengine walikwisha kubadilisha pampu ya mafuta mara mbili. Mjini lilikwenda vizuri kabisa.

"Shikamoo mwalimu. Nguvu zinakatika ghafla au zinafifia?"

"Marahaba. Zinafifia, mwanangu. Nakanyaga mafuta, linanguruma tu, haliendi."

"Ni ukitoka tu, au ukishakwenda mbali?"

"Mbali. Mikumi napita bila shida."

"Na tenki linakuwa na mafuta ya kutosha?"

"Najaza hapa hapa Msamvu, mpaka juu."

Kinachokata ghafla mara nyingi ni umeme: koili, waya uliolegea, au sensa inayozimika ikipata joto. Kinachofifia mara nyingi ni njaa. Injini ya petroli huhitaji takriban kilo 14.7 za hewa kwa kila kilo moja ya petroli, na dereva anapokanyaga mafuta mlimani hewa huingia kwa wingi mara moja. Petroli isipoifuata kwa kasi hiyo hiyo, nguvu zinapungua. Mjini injini haidai kingi, kwa hiyo njaa haionekani. Jibu la tatu nalo lilikuwa na uzito wake. Pampu ya gari hili imezama ndani ya tenki, na petroli inayoizunguka ndiyo inayoipoza. Wanaotembea kila siku na taa ya mafuta ikiwaka wanaichosha bila kujua. Mwalimu hakuwa mmoja wao.

Kabla ya kitu kingine alichukua petroli kidogo kutoka kwenye tenki akaiweka kwenye chupa nyeupe, akaiacha itulie. Maji yangekaa chini na mpaka wake ungeonekana. Mafuta ya kuchakachua yalikuwa janga kubwa kiasi kwamba mwaka 2010 mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, EWURA, ilianza kutia vinasaba kwenye petroli na dizeli ili kuwabana wanaochanganya mafuta ya taa, na mafundi wa rika lake hawajasahau. Chupa ilikuwa safi. Akaendelea.

Halafu ikaja mashine ya kupima, na hapa ndipo ninapomheshimu zaidi, kwa sababu mashine hiyo wengi wanayo. Wengi husoma kodi ya kosa kama hukumu. Yeye huacha kodi pembeni, akasoma namba zinazobadilika injini ikiwa inafanya kazi. Kompyuta ya gari hupata habari kutoka kwenye sensa ya oksijeni iliyo kwenye bomba la moshi. Hewa ikizidi, huziacha nozeli wazi kwa muda mrefu zaidi, na nyongeza hiyo huonekana kwenye mashine kwa asilimia. Injini ikiwa imetulia, namba ilikuwa 3, jambo la kawaida. Baada ya mwendo mrefu, gari likiwa limebeba watu na linapanda kwa gia ndogo, ilifika 20.

Angekuwa na haraka angeona 20 tu. Yeye aliona mwelekeo. Kama hewa ingekuwa inaingia kwa wizi kupitia mpira uliopasuka, namba ingekuwa kubwa injini ikiwa imetulia, kisha ingeshuka mzunguko ukipanda, maana tundu dogo halina uzito tena mbele ya hewa nyingi inayopita njia yake halali. Hapa ilikuwa kinyume chake. Walibaki washukiwa wawili: sensa ya kupima hewa inayosoma pungufu, au petroli isiyofika ya kutosha. Hewa aliyoisoma kwenye sensa ililingana na injini ya sentimita za ujazo 1,500. Akabaki mmoja.

Ili kufunga geji ya presha ilibidi afungue bomba la mafuta, na petroli yenye presha karibu na injini ya moto si jambo la mchezo. Alichomoa soketi ya pampu, akawasha injini mpaka ikazimika yenyewe kwa kukosa mafuta, ndipo akafungua, na kitambaa mkononi. Injini hii, 1NZ-FE, inatakiwa iwe na presha kati ya kilopaskali 304 na 343, yaani paundi 44 hadi 50 kwenye geji yake. Imesimama, ilisoma 46. Wengi wangeishia hapo na kusema mafuta yapo. Lakini mwalimu hakulalamika kwamba gari linakosa nguvu likiwa limesimama. Fundi akaifunga geji kwa utepe nje ya kioo cha mbele, mpira wake ukapita ukingoni mwa boneti, akaendesha mpaka injini na waya zake zikapata joto la safari, kisha akapanda upande wa milima ya Uluguru. Sindano ilishuka taratibu mpaka 30.

Sasa kila kitu kilikuwa kinasema pampu. Na pampu ilikuwa mpya, ya pili. Swali aliloliuliza hapo ndilo lililowapita waliomtangulia: je, pampu yenyewe inapata umeme wake? Akanyanyua siti ya nyuma, akafungua kifuniko kilicho chini yake, akapima injini ikiwa inaunguruma. Betri ilikuwa na volti 13.9. Kwenye pampu zilifika 10.6.

Volti 3.3 zimepotelea wapi? Aliweka ncha moja ya mita kwenye chanya ya betri na nyingine kwenye chanya ya pampu: 0.3, hasara ya kuvumilika. Akahamia upande wa hasi: 3.0. Waya wa arthi, pale unapofungwa kwenye bodi, ulikuwa umeliwa na kutu chini ya boliti iliyoonekana nzima kabisa. Pampu ikivuta ampea 5, volti 3 hizo ni wati 15 za joto pale pale kwenye kiungo, na kiungo kibovu kikipata joto huzidi kuzuia umeme. Ndiyo maana Mikumi ilipitika na Kitonga ikagoma. Na kila pampu mpya ilifungwa kwenye waya ule ule.

Alikwangua bodi mpaka chuma kikang'aa, akaweka kichwa kipya cha waya, akakaza, akapaka grisi. Upande wa hasi ukasoma 0.1. Hakurudisha siti mpaka alipopanda tena njia ile ile, na mzigo ule ule, geji ikiwa bado kwenye kioo. Sindano ilibaki kwenye 46 hadi juu.

Jambo moja linaniuma katika kazi hii. Wateja wetu hulipia spea bila maneno, kwa sababu wanaishika mkononi, lakini wakiambiwa walipie kupimwa wanaona wanaibiwa. Fundi mwenye watoto wa shule anajua hilo, na anayekisia anauza pampu mbili wakati anayepima anauza kichwa kimoja cha waya. Huyu wa Msamvu hutaja bei ya kupima mwanzoni kabisa, kabla boneti haijafunguliwa, na anayekataa humwacha aende. Mwalimu alikubali. Siku ya kuchukua gari aliomba aandikiwe kwenye risiti vipimo vyote, vya kabla na vya baada, akasema atavionesha kule alikonunua pampu ya pili.