Mizigo ya Jioni: Wingi wa Mambo katika Mazungumzo ya Redio

Mazungumzo ya jioni ni fani ya kale, ijapokuwa redio ni chombo cha juzi. Wachunguzi wa fasihi aghalabu huiacha fani hii nje ya mlango, kwa sababu haina kitabu kinachoweza kushikwa mkononi, wala haina mtunzi mmoja anayeweza kusifiwa au kulaumiwa. Lakini watu wengi waliokua bara walisikia Kiswahili kizuri redioni kabla hawajakisoma kitabuni. Na lugha isikiwayo na wengi kila jioni haiwezi kuwa jambo dogo kwa mtu anayepima fasihi. Sifa ya kwanza ambayo hutolewa kwa kipindi cha mazungumzo ni kwamba kina mambo mengi: leo kilimo, kesho ndoa, kesho kutwa mpira, mtondo siasa. Yafaa kuuliza kama sifa hiyo ni sifa kweli. Wingi wa mambo waweza kuwa utajiri, na waweza kuwa fujo; na tofauti ya viwili hivi haionekani kwa kuhesabu, bali kwa kupima.

Ni vigumu kupata mahali pafaapo kwa kipimo hicho kuliko Tabora. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo ilitembea miezi mitatu au zaidi kufika Unyanyembe, na hapo njia ziligawanyika: moja ilikwenda magharibi hata Ujiji, moja kaskazini kwa Karagwe na Buganda, na nyingine kusini-magharibi hata Ufipa na ng'ambo yake. Burton na Speke walifika Kaze mwaka 1857, na Stanley akafika Unyanyembe mwaka 1871. Lakini hao walikuwa wageni katika njia ambayo Wanyamwezi walikuwa wamekwisha kuizoea kama watu wazoeavyo njia ya kisimani. Mpagazi alichukua mzigo wa frasila mbili hivi, yaani kilo 30 na kitu. Mmoja alichukua merikani na kaniki, wa pili shanga, wa tatu nyaya za shaba; na katika kurudi pwani, pembe za ndovu.

Jua lilipokuchwa mizigo ilipangwa, moto ukawashwa, na maneno yakaanza. Hapo zilitolewa habari za safari ya kesho, hongo ya mtemi aliye mbele, maji ya njiani, bei ya mtama, ndui na vita. Palikuwa na masimulizi na ngoma pia, maana mtu aliyechoka hutaka kucheka. Wala isisahauliwe kwamba katika njia hiyo hiyo walipitishwa watu waliofungwa minyororo, ambao habari zao zilizungumzwa na wao wenyewe hawakuulizwa neno. Kambi ya msafara ilikuwa na mambo mengi. Haikuwa na haki kwa wote. Jambo hili litarudi mbele, kwa kuwa ni la redio vile vile.

Ladha ya mazungumzo ya namna ile imebaki katika maandishi machache. Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, yaliyotolewa pamoja na jarida la Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki mwaka 1958 na 1959, na safari ya Selemani bin Mwenye Chande iliyomo katika kitabu cha Carl Velten, Safari za Wasuaheli, cha mwaka 1901, ni kazi za watu waliozoea kusimulia kwa kinywa. Humo mna biashara, vita, hongo na njaa, vikifuatana kama vilivyofuatana katika safari yenyewe. Hata hivyo msomaji hapotei. Kila jambo limetundikwa katika njia: lilitukia baada ya mahali fulani na kabla ya mahali fulani, na msimulizi ajua lilimgharimu nini. Kumbe wingi wa mambo hauhitaji kupunguzwa ili ueleweke. Wahitaji njia ya kupitia.

Redio ilikuja bara ikiifuata njia ile ile. Sauti ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1951; mwaka 1956 likawapo Shirika la Utangazaji la Tanganyika, na mwaka 1965 Redio Tanzania Dar es Salaam. Kwa msikilizaji wa Tabora, Urambo au Nzega, sauti ilitoka pwani ikaenda bara, kama zilivyokwenda merikani na shanga. Lakini misafara ya zamani ilirudi pwani na mizigo ya bara, na sauti hii kwa muda mrefu ilikwenda upande mmoja.

Mfano mkubwa wa zama hizo ni kile kipindi kifupi cha Redio Tanzania kilichoitwa Mazungumzo Baada ya Habari, ambacho katika miaka ya Ujamaa kilifuata taarifa ya habari ya usiku. Haki yake kipewe. Kilikuwa na jambo moja kila usiku, na jambo hilo lilikuwa na mwanzo, kati na mwisho. Lugha yake ilikuwa imepimwa. Msikilizaji aliyeketi uani na jirani zake aliweza kukisimulia kesho yake bila ya kupotewa na maana. Ukizikusanya jioni nyingi pamoja, mambo yake yalikuwa mengi: kilimo, vijiji, uchumi, ukombozi wa kusini mwa Afrika. Mambo hayo yalishikwa pamoja na siasa moja, na kwa hiyo mtu wa Sikonge aliweza kuona kwamba shamba lake na vita vya Msumbiji vimo katika habari moja.

Lakini jina la kipindi hicho lina kasoro ambayo mchunguzi wa lugha hawezi kuinyamazia. Kuzungumza ni kazi ya watu wawili au zaidi. Asemaye peke yake hahesabiwi kuwa anazungumza, anahutubu. Mazungumzo Baada ya Habari yalikuwa hotuba njema iliyovaa kanzu ya mazungumzo. Wakati wa Operesheni Vijiji, katika miaka ya 1973 hadi 1976, msikilizaji aliyetakiwa kuhama aliweza kusikia sababu za kuhama zikielezwa kwa Kiswahili fasaha, wala hakuwa na mlango wa kuuliza katika kipindi hicho habari za kisima alichokiacha na miembe aliyoipanda. Mzigo ulifika umefungwa, na mwenye kuufungua alikuwa Dar es Salaam.

Katika zama zile zile palitokea jaribio lililopita kipindi hicho kwa ubora, ijapokuwa lilikuwa na mambo machache. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilikusanya watu wazima wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio nchi nzima, kwa muda wa majuma 12. Kikundi kilisikiliza, kikasomewa kitabu, kikajadiliana, kisha kikaenda kuchimba vyoo, kufyeka majani na kusafisha maji ya kunywa. Hapa redio haikuwa mwisho wa maneno bali mwanzo wake. Sehemu ya pili ya mazungumzo, ile ambayo kipindi cha usiku kiliikosa, ilifanywa chini ya mti. Kasoro yake ni kwamba maswali yaliletwa yamekwisha kuchaguliwa. Watu walijadili namna ya kujikinga na malaria. Hawakuulizwa kama malaria ndiyo iliyowasumbua kwanza.

Zama zilizofuata ziliugeuza mzani. Sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 ilifungua mlango kwa stesheni za watu binafsi. Radio One ikaanza mwaka 1994. Na simu za mkononi zilipoenea, msikilizaji akapata mdomo. Tabora sasa ina stesheni zake, na jioni mtu wa Kaliua aweza kusikika na mtu wa Igunga bila ya sauti yake kupita Dar es Salaam. Hili ni jambo kubwa, wala lisidharauliwe na wale wanaolilia Kiswahili sanifu cha zamani. Sauti ya bara imepata njia ya kurudi.

Basi kasoro i wapi? Imo katika namna ambavyo wingi wa mambo umetumiwa. Kipindi cha jioni cha siku hizi, katika sura yake ya kawaida, hutangaza jambo, hufungua simu, na kila apigaye huanza upya kana kwamba aliyemtangulia hakusema kitu. Mmoja alalamika, wa pili asalimu ndugu zake, wa tatu apinga neno ambalo halikusemwa. Saa ikifika, mtangazaji hushukuru wote, na kesho yake huja jambo jingine. La jana halikujibiwa wala halikukanushwa. Limetuliwa porini, na msafara umekwenda zake. Hapo ndipo wingi unapokuwa fujo. Hotuba ya zamani ilikuwa na mwisho bila ya mazungumzo; kipindi cha sasa kina mazungumzo bila ya mwisho.

Mfano wa Tabora wenyewe waonyesha hasara iliyopo. Kipindi kikizungumza bei ya tumbaku Jumatatu, ukataji wa miti Jumanne, asali Jumatano, na watoto wanaoacha shule Alhamisi, kitaonekana kina mambo manne. Kwa kweli kina jambo moja. Tumbaku ya mvuke hukaushwa katika mabani kwa moto wa kuni. Kuni hutoka katika miyombo. Na miyombo hiyo hiyo ndiyo makao ya nyuki na ndimo mtundikwamo mizinga. Mkulima akipata bei ndogo hulima eneo kubwa zaidi ili alipe deni la mbolea, na eneo kubwa lataka kuni nyingi na mikono mingi, nayo mikono iliyo karibu ni ya watoto wake. Mrina asali anayepiga simu Jumatano kulaumu ukame wa maua, na mkulima aliyepiga Jumatatu kulaumu chama cha ushirika, ni majirani wanaosimulia habari moja kwa ncha mbili. Mtangazaji asiyewakutanisha amewapa wote nafasi ya kusema, na amewanyima nafasi ya kuelewana.

Kwa hiyo kazi ya mtangazaji wa jioni haikomi katika kugawa nafasi. Ni kazi ya msimulizi: kujua jambo la leo lilitoka wapi, na kumkumbusha msikilizaji. Wala si lazima kufanya hivyo kwa mahubiri. Mchezo wa redio uitwao Twende na Wakati, ulioanza mwaka 1993 na kusikika jioni mara mbili kwa juma, ulimfuata Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake njiani, hata alipopatwa na UKIMWI. Ulisema habari za uzazi wa majira, ulevi, ndoa na ugonjwa, mambo mengi kupita vipindi vingi vya simu. Lakini msikilizaji aliyekosa jioni mbili aliweza kurudi na kumkuta Mkwaju yule yule, ameharibikiwa zaidi kidogo. Mambo yalirudi, na katika kurudi yalipata uzito. Si ajabu kwamba waandishi wake walimweka mtu wao barabarani; njia ndiyo kamba ya kale kupita zote ya kufungia masimulizi ya nchi hii.

Wapo watakaojibu kwamba jioni ni saa ya kupumzika, na kwamba kipindi kisigeuzwe darasa. Jibu hilo lina haki, na kambi ya wapagazi yalithibitisha: ngoma ilikuwa na nafasi yake, na kicheko chake. Lakini mpagazi alicheka akijua mzigo wake uko wapi na utatuliwa wapi. Wapo pia watakaohofu kwamba kutaka utaratibu ni kuirudisha sauti moja ya zamani. Hofu hii ni nzito zaidi. Kinga yake ni kuangalia utaratibu umetoka kwa nani. Katika miaka ya Ujamaa ulitoka ofisini. Sasa waweza kutoka katika maisha ya wasikilizaji wenyewe, yaani katika jinsi tumbaku, kuni, asali na shule zilivyokwisha kufungamana kabla mtangazaji hajafungua kinywa.

Kisha liko lile jambo la watu waliozungumzwa bila ya kuulizwa. Tangu mwaka 1972 Ulyankulu, katika mkoa huu huu wa Tabora, imekuwa maskani ya watu waliokimbia Burundi. Wengi wao walipata uraia wa Tanzania baada ya miaka 40 na zaidi. Katika muda huo walikuwa jambo la kuzungumzwa: idadi yao, chakula chao, mashamba yao, kurudi kwao au kubaki. Kipindi cha jioni kikiwataja mara mia na kisiwasikie mara moja, kitakuwa kimeongeza jambo katika orodha yake, wala hakijaongeza mtu katika mazungumzo. Utajiri wa kipindi haupimwi kwa vitu vinavyosemwa tu. Wapimwa pia kwa watu wanaovisema, na kwa yule anayelazimika kuwajibu.

Hukumu, basi, ni hii. Vipindi vya jioni visilaumiwe kwa kuwa na mambo mengi, maana maisha ya watu wa bara yana mambo mengi, na fasihi inayoyakimbia si fasihi yao. Vilaumiwe pale vinapolitaja jambo bila ya mwenyewe kuwapo, na pale vinapolitua bila ya kulirudia. Msafara ulioingia Tabora na mizigo ya namna hamsini haukuwa na fujo, kwa kuwa kila mzigo ulikuwa na mwenyewe, na jioni ilipofika mizigo yote ilihesabiwa.