Miombo Hurudi: Hesabu ya Urambo na Biashara ya Kusafisha Ardhi Inyonga

Anayetaka kufungua Inyonga biashara ya kusafisha ardhi kwa mashine yenye silinda la meno, isagayo vichaka na kuyaacha mabaki yake yakiwa matandazo juu ya udongo, aghalabu huanza kwa kuulizia bei ya mashine. Lakini tijara hii ina hesabu yake ya kale, nayo ilikwisha kufanywa katika miombo ii hii, huko Urambo ulio kaskazini ya Inyonga, na kabla yake Kongwa katika nchi ya Ugogo, kwa fedha ambazo hakuna mfanyabiashara wa leo atakayezikaribia.

Mwaka 1946, mafuta ya kula yalipokuwa adimu Uingereza baada ya vita, Frank Samuel wa United Africa Company alitoa rai, na serikali ya Uingereza ikairidhia, kwamba ekari zaidi ya milioni 3 za pori la Afrika, nyingi zake zikiwa Tanganyika, zigeuzwe mashamba ya karanga katika miaka 6 kwa gharama ya pauni milioni 25 hivi. Kazi ilianza Kongwa mwaka 1947, kisha ikafika Urambo. Zikaletwa trekta kuukuu zilizosazwa na jeshi huko Ufilipino, na vifaru vya Sherman vikavuliwa silaha na kugeuzwa trekta zilizopewa jina la Shervick. Na kabla mwaka haujaisha, kiasi cha theluthi mbili ya trekta zilizoingizwa zilikuwa zimelala mbovu, hazina vipuri wala mafundi wa kutosha. Ekari 150,000 ndizo zilizokusudiwa kwa mwaka ule wa kwanza; zilizopandwa zilikuwa kama 7,500.

Yafaa tuwe waadilifu, kwani si kila walilolibuni watu wale lilikuwa upuuzi. Kufunga mnyororo wa nanga ya meli baina ya matingatinga mawili, yakaenda sambamba, mnyororo ukiburutwa nyuma yake, huku la tatu likifuata kuusukuma mti uliokaidi, ilikuwa hila ya ustadi mkubwa, na pori lililala chini kwa mwendo ambao shoka lisingeufikia kamwe. Balaa ilikuwa chini ya ardhi. Mizizi iliyosukana ilipinda visu vilivyotengenezwa kuikata, na udongo wa Kongwa, wenye mchanga mkali na ukaukao kama matofali baada ya mvua, uliyatafuna makali ya chuma siku baada ya siku. Januari 1951 serikali ya Uingereza ilitangaza kuuacha mpango ule, hasara ikiwa takriban pauni milioni 36.

Wengi wameicheka hadithi hii kwa sababu ya vifaru na karanga. Rai yangu ni kwamba taksiri kubwa ilikuwa katika daftari: mpango ulipima mafanikio kwa ekari zilizoangushwa, ilhali gharama ya kusafisha pori ndiyo kwanza inaanza siku mti unapoanguka. Hili ni kweli zaidi Urambo na Inyonga kuliko Kongwa, kwa maana mtundu na muyombo, ukiukata leo, kisiki chake na mizizi yake huchipua msimu ujao, tena machipukizi mengi mahali palipokuwa na shina moja. Watu waliokimbia Burundi mwaka 1972 wakapewa makazi Katumba, karibu na Mpanda, waliufyeka msitu kwa shoka, panga na moto, na jembe likawa likirudi kila mwaka kuyapiga machipukizi yale hadi kisiki kichoke.

Basi tuiangalie mashine yenyewe. Silinda lake huzungushwa kwa nguvu ya trekta, au kwa haidroliki ya kijiko, na meno yake magumu hupasua shina kuanzia juu kwenda chini, yakaacha vipande juu ya ardhi. Haling'oi kisiki. Kwa vichaka na miti michanga iliyochipua upya hufanya kazi nzuri sana. Kwa mninga mkubwa ni israfu ya dizeli na dhambi ya mbao. Adui yake Inyonga ni kichuguu kilichofichwa na nyasi, kwani jino linalokula ubao wiki nzima huweza kumalizika kwa dakika chache katika udongo ule mkavu na mawe. Matandazo hukinga ardhi na mvua kubwa za mwanzo, lakini kabla hayajaoza huweza kuunyang'anya udongo naitrojeni, na mahindi yaliyopandwa juu yake mapema yakageuka manjano. Na kiangazi, kabla mchwa hawajayamaliza, ni kuni zilizotandikwa zikingojea cheche.

Kwa hiyo nani atalipa? Si mkulima mdogo, ambaye mshindani wako kwake ni kibiriti. Wala si mkulima wa tumbaku ya mvuke, ambaye mashine ingemsagia kuni za kukaushia jani lake. Mlipaji ni yule ambaye pori likirudi linamtia hasara kila mwaka: mwenye barabara, mwenye kinga ya moto, na hasa mwenye mkuza wa umeme. Laini ya kilovolti 132 itokayo Tabora, ikapita Ipole na Inyonga hadi Mpanda, inakatiza miombo kwa mamia ya kilomita, na chini ya nyaya zile hakuna anayehitaji kisiki king'olewe. Kinachotakiwa ni kisiote kikawa mti. Hapo upungufu wa mashine huwa sifa yake.

Kujitangaza kwa wateja wa namna hii hakufanywi kwa vipeperushi. TANESCO, TANROADS na TARURA hununua kwa zabuni kupitia mfumo wa NeST, na mgeni asiye na kazi ya kuonyesha huanza vema kama mkandarasi mdogo chini ya mwingine. Asafishe kipande kando ya barabara, kwa idhini, nusu kwa mashine na nusu kwa panga, akiache kipitiwe na masika nzima, kisha awalete wahandisi wakione chenyewe. Kabla ya kushusha mashine aone kwa macho yake kibali cha mteja, kwani ardhi ya kijiji ina halmashauri yake na hifadhi ya msitu ina Wakala wa Huduma za Misitu; na apite na wafuga nyuki wa Inyonga, ambao mizinga yao hutundikwa mitini, ili waihamishe mapema.

Bei nayo isiwe ya ekari iliyoangushwa. Mkataba uwe wa misimu mitatu: wa kwanza ghali, maana shina ni nene na meno yataliwa, wa pili na wa tatu nafuu, maana machipukizi ni membamba na trekta huenda mbio, na sehemu ya malipo ya kila msimu izuiliwe mpaka mteja apite mkuzani baada ya mvua, akakagua kilichochipua.