Bwawa la Uani: Kazi Iko Ukingoni

Ukitaka kujua kama aliyejenga bwawa la bustani alikuwa fundi kweli, usitazame maji wala samaki. Inama utazame mstari ambapo maji yanakutana na jiwe. Kama upande mmoja maji yamefika kwenye jiwe na upande wa pili nailoni nyeusi imebaki wazi upana wa kiganja, ujue levo ilipimwa kwa macho. Kama nyasi za pembeni zimelowa hata kiangazi, udongo unayanyonya maji, na mwenye nyumba analipia bili asiyojua inakoishia.

Bwawa ninalolichambua hapa liko Goba, Dar es Salaam, kwenye kiwanja cha mteremko kama vilivyo vingi kule. Urefu wake ni mita 3, upana mita 2, kina sentimita 60. Ni dogo, lakini lina karibu kila tatizo ambalo bwawa la nyumbani linaweza kuwa nalo, na mengi yametatuliwa vizuri.

Tatizo la kwanza lilikuwa mteremko: sentimita 15 kutoka mwisho mmoja wa bwawa hadi wa pili. Pimamaji la kawaida ni fupi mno kwa umbali huo. Fundi alitumia mpira mwembamba unaoonyesha ndani, akaujaza maji, akatoa hewa yote, kisha akapigilia vigingi kuzunguka eneo na kuhamisha alama moja kutoka kigingi hadi kigingi. Upande wa chini akauinua kwa tofali za inchi sita. Tofali hilo likilazwa linatoa sentimita 15 zilizohitajika, bila kukata wala kuongeza. Wengi wangechukua udongo uliotoka shimoni, wakaujaza upande ule na kuushindilia kwa miguu. Udongo wa kujazia hutitia baada ya masika ya kwanza, na ukingo hutitia nao.

Juu ya tofali hizo, na kuzunguka shimo lote, ulimwagwa mkanda wa zege wenye upana wa sentimita 30 na unene wa 10. Kazi hii ilifanyika kabla ya nailoni kutandikwa. Ukingo wa bwawa hukanyagwa: watoto watasimama pale, mgeni ataegemea pale kupiga picha. Jiwe lililokaa juu ya udongo mtupu litapinda tu, na likipinda huivuta nailoni.

Uchimbaji wenyewe hauna maelezo mengi. Mawe na mizizi ilitolewa, mchanga laini ukatandazwa, mazulia chakavu yakawekwa juu yake. Pembeni iliachwa ngazi ya kukalia vyungu vya yungiyungi. Hesabu ya nailoni ni nyepesi kuliko watu wanavyodhani: urefu wa bwawa, jumlisha kina mara mbili, jumlisha nusu mita kila upande. Hapa ni mita 3, na 1.2, na 1, yaani 5.2. Upana kwa njia hiyohiyo ni 4.2. Ngazi ya mimea haibadilishi chochote kwenye hesabu hiyo, kwa sababu inachoongeza kwa ulalo tayari kimo ndani ya urefu wa bwawa. Nailoni ngumu ya mabwawa ya samaki ni imara lakini haikunjiki vizuri kwenye kona. Kwa bwawa dogo lenye mapindo mengi ningechagua raba, mfuko ukiruhusu.

Sasa ukingo. Mafundi wengi huilaza nailoni juu ya ardhi, huifunika kwa udongo, kisha hupanga mawe. Kwa macho kazi imekwisha. Lakini maji yakipanda kidogo hugusa ule udongo, na udongo hufanya kazi ya utambi wa kibatari: huyavuta maji juu, huyavusha nailoni na kuyamwaga upande wa pili, usiku na mchana. Mwenye nyumba hutafuta tundu chini ya bwawa na halioni, kwa kuwa halipo.

Goba ilifanyika hivi. Uso wa mkanda wa zege ulikuwa sentimita 10 chini ya usawa uliokusudiwa wa maji. Nailoni ilipita juu ya mkanda, safu ya kwanza ya mawe ikajengwa juu ya nailoni hiyo, kisha ncha yake ikainuliwa wima nyuma ya mawe mpaka sentimita 5 juu ya maji. Mawe bapa ya mwisho yakafunika yote, yakitokeza kidogo juu ya maji. Kwa mpangilio huu mawe yanaloa lakini udongo hauguswi. Nailoni nayo haipigwi jua, ambalo huila plastiki kuliko kitu kingine. Jambo moja lililonifurahisha: ncha haikukatwa mpaka bwawa lilipojazwa. Uzito wa maji huivuta nailoni chini, na aliyewahi kuikata mapema hana pa kuongeza.

Mawe yaliyotumika ni ya matumbawe. Yana makali, kwa hiyo chini ya kila jiwe kiliwekwa kipande cha nailoni iliyobaki. Kenya wengi wangetumia mawe bapa ya Mazeras, ambayo hulala vizuri zaidi. Saruji ya kuyashikia mawe ndiyo inayoua samaki wa kwanza: ikiwa mbichi hutoa chokaa inayoyafanya maji yawe makali. Bwawa lilijazwa, likaachwa siku kadhaa, likamwagwa, na kurudiwa tena kabla ya samaki kuingia. Maji ya bomba nayo yaachwe wazi siku moja au mbili ili klorini itoke.

Bomba la inchi 2 lenye wavu liliwekwa upande wa chini kwenye usawa wa maji, na linamwaga kwenye migomba. Bila njia hiyo, mvua kubwa huchagua yenyewe pa kufurikia.

Kasoro ninayoiona ni kwamba ukingo ni wima pande zote. Wima unasaidia dhidi ya mbu, kwa sababu viluwiluwi vyao hujificha kwenye nyasi za kina kifupi ambako samaki hawafiki. Lakini chura aliyeingia hawezi kutoka. Rundo la mawe kwenye kona moja lingetosha. Na nyumba yenye mtoto mdogo iweke wavu wa chuma juu ya maji, maana hata kina kifupi huzamisha.

Kabla ya kulipa fedha ya mwisho, weka ndoo iliyojaa maji kwenye ngazi ya mimea, mdomo wake ukiwa juu ya maji ya bwawa, na uweke alama ya usawa ndani ya ndoo na kwenye jiwe. Subiri wiki moja bila mvua. Maji yakipungua sawa kote kuwili, ni jua na upepo. Bwawa likipungua zaidi ya ndoo, mwite fundi arudi, na aanze kutafuta ukingoni.