Kicheko cha Draupadi: Husuda na Usimulizi katika Mahabharata

Husuda ya Duryodhana katika Mahabharata, utendi mkubwa wa Kisanskriti, huchukuliwa kwa kawaida kuwa dosari ya tabia. Makala haya yanadai kuwa husuda hiyo pia ni sauti ya usimulizi, na kwamba athari yake imewapotosha hata wasomaji.

Chimbuko la uhasama ni urithi. Dhritarashtra alikosa ufalme kwa kuwa alizaliwa kipofu, ukapewa mdogo wake Pandu. Wana wao wakarithi swali gumu: mrithi halali ni mwana wa mkubwa au wa aliyetawazwa? Gandhari, mke wa Dhritarashtra, aliposikia kuwa Kunti, mke wa Pandu, amemtangulia kujifungua, alilipiga tumbo lake mwenyewe kwa uchungu. Duryodhana, basi, alitanguliwa duniani na husuda.

Katika Sabha Parva, kitabu cha 2, Duryodhana anazuru kasri la wana wa Pandu huko Indraprastha. Anadhani sakafu ya fuwele ni maji, akapandisha nguo. Kisha anadhani bwawa ni sakafu, akatumbukia. Katika toleo la kihakiki la Pune, lililokamilishwa mwaka 1966, msimulizi anawataja waliocheka: watumishi, Bhima, Arjuna na ndugu zao pacha. Draupadi, mke wa ndugu hao, hatajwi. Hata hivyo, Duryodhana anapomsimulia babake tukio lilo hilo, wachekaji wanabadilika: ni Krishna na Arjuna, na Draupadi pamoja na wanawake wenzake.

Yamkini tofauti hii imetokana na matabaka ya matini. Lakini ikisomwa ilivyo, ina mantiki yake: hasidi ameikuza aibu yake kwa kuwaongeza wanawake. Isitoshe, msikilizaji wake ni kipofu; hana njia ya kuuona utajiri anaoorodheshewa ila kwa maneno ya mwanawe. Ijapokuwa Vidura anamwonya, Dhritarashtra anauidhinisha mchezo wa dadu, ambamo Draupadi anawekwa dau na kudhalilishwa barazani.

Mapokeo ya baadaye, ikiwemo tamthilia ya televisheni ya B. R. Chopra (1988–1990), yamemfanya Draupadi mchekaji mkuu na kumtia kinywani tusi kuhusu upofu wa Dhritarashtra. Tusi hilo halimo katika toleo la Pune. Anayemtwika mwanamke huyu lawama ya vita vya Kurukshetra amepokea, pasi na kujua, ushahidi wa hasidi. Mhakiki hana budi kuuliza kwanza ni nani anayesimulia, ndipo ahukumu.