Kilimanjaro: tunalilia barafu, vichaka vinateketea

Ukiwa na muda wa makala moja tu kuhusu Kilimanjaro, soma ya Andreas Hemp ya 2005 katika jarida la Global Change Biology. Wengi tunadhani dunia ikipata joto, mimea itapanda juu zaidi mlimani. Hemp anaonyesha kinyume: hali ya hewa imekuwa kavu, mioto imezidi, na mpaka wa juu wa msitu umeshuka. Msitu wa Erica ukiungua mara kwa mara unabaki vichaka. Moto ukizidi, hata vichaka vinatoweka na Helichrysum fupi inachukua nafasi. Na msitu huo ndio unaonasa maji ya ukungu, kwa hiyo kuupoteza kunatugusa kuliko kuyeyuka kwa barafu. Moto wa Oktoba 2020 ulitukumbusha hilo.

Hoja imesimama. Ila setilaiti inaonyesha palipoungua tu, haisemi nani aliwasha na kwa nini. Kwenye mijadala yetu mrina asali anatajwa kama mhalifu, basi. Huku Mitundu, jirani na vichaka vya Itigi, tunajua mwenye mizinga ana sababu ya kuzuia moto: msitu ukiungua, hana asali. Mpango wa kuokoa Erica uanze kuzungumza naye.