Fimbo yenye kurefuka: tuiazime, tusiinunue

Ukimwambia mtu wa Lubumbashi "naenda Golf", atakuuliza: Golf gani? Météo, Maisha ao Plateau? Kwetu Golf ni mtaa kwanza, ni nyumba na viwanja vya kuuza, kisha njo mchezo. Wengi wetu tumepita Route du Golf mara nyingi, tukienda harusi pale Karavia, bila kugeuza kichwa kuangalia wanaocheza. Kwa hiyo, wenzangu wahitimu, mnivumilie leo. Nitaongea juu ya mchezo wenyewe, tena juu ya fimbo moja tu, kwa sababu franga zenu zimo ndani.

Mnakumbuka mu kikundi chetu, mwenzetu aliyerudi kutoka Johannesburg alituonyesha picha ya fimbo mpya ya kusukumia, ile yenye kurefuka na kufupika. Akapendekeza tutoe mchango, tununue moja kama yake kwa ajili ya watoto wa makedi, wale wanaojifunza Siku ya Posho. "Moja tu, batoto bote batatumia," alisema. Karibu wote waliweka kidole gumba. Mimi niliomba niishike kwanza.

Kwa wasiocheza: mchezaji wa gofu anaruhusiwa kubeba fimbo 14, lakini moja njo inafanya kazi kuliko zote, ile ya kusukumia mpira mu shimo. Mu hesabu ya mchezo, kila shimo limewekewa mipigo 2 ya kusukuma. Mashimo 18 yanafanya mipigo 36, na kwa uwanja wenye hesabu ya mipigo 72, hiyo ni nusu kamili. Mtu anaweza kupiga mpira mbali sawa ndege, kisha akapoteza kila kitu kwenye mita moja ya mwisho. Ndiyo maana wauzaji wanapenda fimbo hii: inagusa pale roho inapouma.

Na wazo lenyewe si jipya. Kampuni ya Ping, ile ya Karsten Solheim, injinia aliyeanza kutengeneza fimbo za kusukumia mu 1959, imeshauza za namna hii tangu zaidi ya miaka 10. Unaingiza ufunguo mdogo, unalegeza, unavuta ao unasukuma, unakaza. Ile niliyoshika ni ya kampuni nyingine, lakini inafanya kazi vilevile: inaanza karibu sentimita 79, inaishia karibu 96.

Tulikuwa wanne, na kedi mmoja mzee. Kiangazi kilikuwa kimekauka vizuri, majani mafupi, mpira unateleza. Nilipiga mipira 10 kutoka mita 3 kwa urefu wangu wa siku zote: 4 ikaingia. Tukaifupisha: 6 ikaingia. Nikaanza kuhesabu franga mfukoni. Kisha nikamwomba mwenzetu airudishe kwenye urefu wa kwanza. Nikapiga 10 tena: 6. Hapo nikaelewa kwamba fimbo haikunisaidia kitu, ni mkono tu ulikuwa umepata moto. Nawaomba mkumbuke jaribio hili kila mara mtu anapowaambia "niliibadilisha, paka pale ikaanza kuingia".

Lakini nisiionee. Kati yetu alikuwa dada mmoja, wakili, mfupi wa kimo, ambaye tangu aanze kucheza anatumia fimbo ya zamani ya bwana yake. Alikuwa anaishika katikati, kichwa cha juu kinamgonga tumbo. Tulipoifupisha mpaka mwisho, mikono yake ikaning'inia yenyewe, macho yakaja juu ya mpira. Akacheka: "Kumbe mugongo yangu haiko mugonjwa!" Miaka yote alidhani ni uzee. Ile ni faida ya kweli, na iliingia mu dakika 5.

Sasa angalieni faida hiyo ni ya aina gani. Ameshajua urefu wake. Kesho hatauhitaji urefu mwingine, kwani mtu mzima harefuki. Ufunguo ataufungia kwenye droo. Alichohitaji ni kupimwa, siyo kumiliki chombo cha kupimia. Mtu hanunui mizani kwa sababu anataka kujua kilo zake mara moja.

Kuna mambo mengine matatu ambayo muuzaji hayasemi kwa sauti.

La kwanza ni uzito. Ukifupisha fimbo, kichwa chake hakipungui hata gramu moja, lakini mkononi kinakuwa chepesi, sababu mkono umekisogelea. Wakati wa kiangazi haionekani sana. Ngoja mvua, majani yawe mazito na yenye maji, utaona mpira unasimama nusu ya njia. Tena pembe ya mti nayo haibadiliki: ukishusha mikono, ncha ya kichwa inainuka kidogo kutoka chini. Kwa hiyo fimbo inarekebisha kitu kimoja, kisha inaharibu kidogo viwili.

La pili ni sheria. Mmoja wetu alifikiri ataifanya ndefu kwa mipira ya mbali, fupi kwa ya karibu. Apana. Ukibadilisha fimbo kwa makusudi katikati ya mchezo kisha ukapiga nayo, unafukuzwa mu mashindano. Mwingine aliwaza kuirefusha mpaka iegemee tumboni, sawa Keegan Bradley alivyoshinda PGA Championship mu 2011. Njia hiyo nayo ilifungwa tarehe 1 Januari 2016. Urefu unaruhusiwa, kuegemeza mshikio kwenye mwili ndiyo kunakatazwa.

La tatu linagusa watoto wetu, na ndilo lililonifanya niandike. Sheria ileile inakataza kutumia fimbo ya mtu mwingine anayecheza mu uwanja wakati huo. Wawili wa timu moja wanaweza kushirikiana, lakini fimbo zao zote pamoja zisipite 14. Basi siku ya mashindano, kila mtoto akicheza kwa jina lake, "batoto bote batatumia" inakufa. Mmoja atacheza na fimbo nzuri, wengine wataangalia, ao watachukua zile za kale walizotaka kuziacha. Na mwenye kuchagua huyo mmoja atakuwa nani? Tutakuwa tumeleta ugomvi kwa franga zetu wenyewe.

Tena kuna mdogo wao, ana miaka 8. Tulipoifupisha fimbo mpaka mwisho, mshikio ulimfika kifuani. Mtoto wa umri ule kwa kawaida anahitaji fimbo fupi zaidi ya sentimita 79. Kile chombo cha "watoto wote" hakikumjua hata kidogo. Alikishika kwa heshima, akapiga mara mbili, akakirudisha kwa mikono miwili.

Kedi mzee alikuwa kimya muda wote. Nikamuuliza: papa, unaonaje? Hakuangalia fimbo, alimwangalia yule mtoto. Akamwambia asimame, aachie mikono, ainame kidogo. Akaweka kidole kwenye mti wa fimbo, sentimita kadhaa chini ya mshikio. "Ya huyu itaishia hapa. Ufunguo ya nini, patron? Musumeno iko."

Nilicheka, kisha nikanyamaza. Yule mzee anapima watu kwa macho tangu kabla sisi hatujaingia chuo. Lakini hata yeye, nilipompima mkubwa wa watoto kwa macho yake kisha kwa fimbo, alikosea kidogo, na alikubali mwenyewe. Msumeno ukikosea, chuma hakirudi. Hapo ndipo fimbo ya mwenzetu ina kazi.

Kwa hiyo, pendekezo langu. Tusinunue. Tumwombe mwenzetu atuazime yake kwa Posho nne. Kila mtoto mkubwa ajaribu urefu mbalimbali, kila siku ileile mipira 10 kwa 10, na tuandike. Si mara moja, maana mliona mkono unavyodanganya ukipata moto. Yule mdogo apimwe na kedi, kwa mkono. Kisha kwa bei ya ile moja, kufuatana na hesabu aliyotutumia mwenyewe, tunapata tatu za mtumba, na fundi wa Kenya (komine yetu, siyo inchi) anazikata kila moja kwa kimo cha mwenyewe na kurudisha mshikio. Kichwa kikionekana chepesi, tunabandika kipande cha madini ya risasi nyuma yake kabla ya mchezo. Uzito wa fimbo unaruhusiwa kurekebishwa.

Mkubwa akirefuka, fimbo yake inashuka kwa mdogo wake, sawa nguo za shule. Kila mmoja ataenda kwenye mashindano na ya kwake mkononi, bila kungoja mwenzake amalize.

Najua mwenzetu ataona nimemkatalia. Sivyo. Bila fimbo yake, dada wakili angeendelea kulaumu mgongo, na sisi tungekata chuma kwa kubahatisha. Yeye njo ametuletea kipimo. Naomba tu asituuzie kipimo kama nguo.

Wenye kukubali, waandike jina hapa chini. Wenye fimbo ya zamani nyuma ya mlango, hata yenye kutu, waandike pia: tutapita kuichukua.