Karushwa au Kajirusha?

Anayeitazama aikido kwa mara ya kwanza huvutiwa na namna mshambuliaji anavyopaa na kutua mkekani kama karatasi. Swali ambalo wapenzi wengi wa sanaa hii ya Japani hawapendi kuulizwa ni hili: karushwa, au kajirusha?

Mwasisi wake, Morihei Ueshiba (1883–1969), aliyakataa mashindano. Sababu zake zilikuwa za kimaadili, nami naziheshimu. Lakini pasipo mashindano, kipimo cha ufundi wako hubaki kuwa mwenzako, naye mmekwisha kupatana. Akijua mkono utapindwa kulia, mwili wake huanza kuinama kulia kabla hujamgusa. Mazoezi ya miaka ya namna hiyo humfundisha mtu kuanguka vizuri sana (jambo lenye faida, tusilibeze) bila kumfundisha kumwangusha yeyote.

Kenji Tomiki, aliyefunzwa na Ueshiba na pia na Jigoro Kano wa judo, alilikabili tatizo hili. Katika Chuo Kikuu cha Waseda alianzisha mazoezi ya ushindani. Katika aina moja, mmoja hushika kisu bandia kilicho laini akashambulia apendavyo, mwingine hujitetea bila kujua pigo litatokea wapi. Wapo wanaodai kwamba ameiharibu aikido. Mimi naona ameitendea haki, ingawa madoido mengi hupotea humo, na hata hodari huchomwa.

Kwa shule zisizotaka mashindano, lipo dogo la kuanzia: mwalimu ashikwe kifundo cha mkono na mwanafunzi aliyeruhusiwa kukataa kuanguka.